SOMO LA LEO: Mtoto Aliyewekwa Rehani



Mtu akikopa fedha huweka rehani. Anaweza kuweka shamba, baiskeli, au hata mahindi yaliyo bado shambani. Je, anaweza kumweka rehani mtoto wake? Leo tunasoma juu ya riwaya inayoeleza jambo hilo. Riwaya ni hadithi ndefu ya kubuni inayojaza kitabu kizima. Riwaya hii inaitwa Peponi.

Mwandishi ni nani?

Ni Abdulrazak Gurnah. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Alipokuwa kijana wa miaka 18, baada ya Mapinduzi ya 1964, aliondoka kwenda Uingereza. Huko alisoma, akafundisha Chuo Kikuu, akaandika vitabu. Mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, tuzo yenye sifa kubwa kwa waandishi duniani. Lugha yake ya kuzaliwa ni Kiswahili, lakini huandika kwa Kiingereza. Kitabu hiki kilitoka mwaka 1994. Ida Hadjivayanis alikitafsiri, na mwaka 2022 kikatoka kwa Kiswahili. Ndipo kikarudi nyumbani.

Kisa chenyewe

Ni wakati wa Wajerumani, enzi za kujenga reli. Sisi wa Morogoro tunaijua enzi hiyo: reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika kwetu mwaka 1907.

Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo. Tajiri mmoja, Aziz, hupita kwao na kila akiondoka humpa Yusuf sarafu. Yusuf humwita kama ndugu wa ukoo. Kwetu Uluguru mnajua uzito wa jina la namna hiyo. Mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake.

Siku moja Yusuf anaambiwa afunge vitu vyake, asafiri na Aziz. Wanapanda treni mpaka pwani. Huko anawekwa dukani pamoja na kijana Khalil. Khalil anamwambia ukweli: Aziz si ndugu yako. Baba yako ana deni, nawe ndiwe rehani. Khalil naye yuko pale kwa deni la baba yake.

Baadaye Yusuf anaingia bara na msafara wa Aziz. Huko wanapata taabu nyingi. Mwisho wake hatuusemi. Msome wenyewe.

Tunajifunza nini?

Aziz hagombi wala hashiki fimbo. Ni mpole, ana adabu, ananukia manukato. Basi tujue kwamba dhuluma yaweza kuja na tabasamu na sarafu mkononi.

Tena, aliyekopa ni baba, aliyelipa ni mtoto. Hakuna aliyemwuliza. Siku hizi hatusemi mtoto kawekwa rehani. Lakini wapo watoto wanaotolewa shuleni na kupelekwa mjini kufanya kazi za ndani, kwa sababu nyumbani pana shida. Na anayewachukua huitwa shangazi au mjomba.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini Yusuf hakumwogopa Aziz?
2. Baba yake angeweza kufanya nini kingine?
3. Mtu akija kijijini kwenu kuomba mtoto wa kazi, mtamwuliza maswali gani?

Mkikipata kitabu, mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Kisha mpokezane.