Kompyuta ya mtumba na karatasi za watu

Shangazi,

Nina steshenari ndogo jirani na shule ya sekondari hapa Tanga. Kompyuta yangu ya mezani iliungua umeme uliporudi kwa kishindo, na tangu hapo wateja nawaelekeza duka la pili. Kuna kijana anauza laptopu iliyotumika, Lenovo ThinkPad T470, kwa shilingi 420,000. Anasema ina Windows 11 na haina shida yoyote. Mimi nina 450,000 za mgawo wa kikoba. Mpwa wangu aliye chuoni anasema niinunue, ila niifute Windows niweke Linux. Mume wangu anasema tukope tununue mpya. Kila siku ninayochelewa ni hela inapotea. Nifanyeje?

Mama Steshenari, Tanga

Pole, mwanangu.

La mkopo tulimalize kwanza. Kama ni ile mikopo ya kausha damu, usiikaribie. Duka linaloishi kwa kurasa za mia mia haliwezi riba ile, na umeme ukikatika marejesho hayakatiki. Mweleze mumeo kwa upole, lakini mweleze.

Laptopu yenyewe si mbaya. T470 ilitoka mwaka 2017, ikatengenezwa kwa kazi za ofisini, RAM yake huongezwa na diski yake hubadilishwa na fundi wa kawaida. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa nyuma. Kwako wewe uliyeunguziwa na umeme, hilo ni jambo kubwa. Ila muuzaji hakukwambia yote. Kwa laptopu za aina hii, Microsoft huikubali Windows 11 kwa prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, na T470 ina za kizazi cha 6 au cha 7. Maana yake Windows hiyo imeingizwa kwa mlango wa uani, na sasisho kubwa lijalo linaweza kugoma. Kurudi Windows 10 nako si kimbilio: huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Hapo mpwa wako ana hoja nzito. Kwenye mashine yako hupita vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA na barua za kazi za watu wasio na pengine pa kuchapisha. Wamekuamini. Halafu kuna flashi, ambazo huenda zimezunguka steshenari tano kabla ya kufika kwako. Unavijua vile virusi vinavyoficha mafolda na kuacha njia za mkato tupu? Vimeandikiwa Windows. Ndani ya Linux havisogei, na mafaili yaliyofichwa unayaona, unayanakili, mwanafunzi aliyekuja analia anaondoka na kazi yake. Linux Mint ni ya bure. Maombi ya HESLB, Ajira Portal na WhatsApp za wateja hufunguka kwenye Firefox au Chrome kama ulivyozoea.

Lakini huyo mpwa wako hajakaa dukani kwako msimu wa mitihani. Mwalimu analeta mtihani wa Biolojia alioupiga kwa Word, una majedwali na michoro. LibreOffice, inayotumika kwenye Linux badala ya Word, itaufungua, na maandishi ya Times New Roman yatabaki takriban palepale kwa sababu herufi inazoweka badala yake zina upana uleule. Michoro ndiyo hutembea. Mshale uliokuwa kwenye figo unaweza kukutwa kwenye ini, na lawama ni yako. Na kadi za michango ya harusi ulizonazo kwenye Publisher? Programu hiyo haipo kwa Linux. Hata Microsoft wametangaza kuiacha Oktoba 2026, kwa hiyo kadi zako anza kuzihamisha sasa.

Ninachokushauri: inunue, usifute Windows, mpwa wako aweke mifumo yote miwili. Linux iwe ya kila siku, ya intaneti na flashi za watu. Windows ibaki bila intaneti, kwa kadi na mitihani migumu tu, uifungue jioni wateja wakipungua. Walimu waombe walete PDF. Kwa mpango huu hakikisha diski ni SSD ya GB 256 au zaidi.

Kabla ya kulipa, bonyeza F1 inapowaka, uingie kwenye mipangilio yake. Ikidai nywila, iache hapohapo. Nilishanunua moja ya namna hiyo, muuzaji akanihakikishia kuwa nywila "itatoka tu". Kwa ThinkPad, nywila ile ya msimamizi Lenovo wenyewe huiondoa kwa kubadilisha bodi kuu, na pesa yangu ilikwenda hivyo. Kisha mpwa wako achomeke flashi yenye Mint, abonyeze F12, Linux iwake bila kugusa diski. Beba printa yako hata kwa bodaboda, uchapishe palepale. Baadhi ya printa ndogo za leza za Canon husumbua kwenye Linux. Afadhali ujue ukiwa bado na pesa mkononi.

Na Jumapili, duka likiwa limefungwa, mpwa wako akae pembeni mpaka umalize mtihani mmoja na kadi moja bila yeye kugusa kibodi.