Kiti cha Mgeni, Jina la Mrithi
Kijitabu cha elimu kwa umma kuhusu ajira na mafunzo ya Watanzania katika sekta ya mafuta na gesi

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974. Ilifika Ubungo na kuanza kuzalisha umeme mwaka 2004. Mtoto aliyezaliwa Kilwa mwaka wa ugunduzi alikuwa ameshamaliza shule, ameoa na pengine ana mtoto darasa la kwanza kabla taa ya kwanza haijawashwa kwa gesi hiyo. Tumeanza na hesabu hii kwa sababu wazazi wengi wanaotuuliza kuhusu ajira za gesi wamesikia tangazo la ugunduzi redioni na kudhani kazi zinatangazwa mwezi ujao.

Kijitabu hiki ni cha mzazi wa aina hiyo, cha kijana aliyetoka VETA au chuo kikuu, na cha mtendaji wa kijiji ambako bomba linapita. Kinaeleza Mtanzania anaingiaje katika kazi hizi na, zaidi ya hapo, anafundishwaje hadi ashike nafasi iliyokuwa ya mtaalamu wa kigeni. Hilo la pili ndilo tutakalolizungumza kwa kirefu, maana kuajiriwa na kuachwa uwe mbeba mafaili kwa miaka mitano si faida kwako wala kwa nchi.

Nani ni nani

Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, liliundwa mwaka 1969 na kuanza kazi mwaka 1973. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 imelitambua kuwa Kampuni ya Taifa ya Mafuta. Kupitia kampuni yake tanzu ya GASCO linaendesha bomba la gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lililozinduliwa mwaka 2015, na mitambo ya kusafisha gesi ya Madimba na Songo Songo. Lina pia hisa asilimia 15 katika bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga.

Anayesimamia utafutaji na uzalishaji ni PURA, na EWURA inasimamia usafirishaji na usambazaji. Usiwachanganye: TPDC ni mfanyabiashara wa serikali, PURA na EWURA ni waamuzi. Malalamiko kuhusu kampuni ya kigeni inayochimba kisima hayapelekwi TPDC.

Kazi ziko nyingi wapi, na hadi lini

Bomba la Hoima hadi Tanga lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania, katika mikoa minane kuanzia Kagera hadi Tanga. Wakati wa ujenzi bomba kama hilo linahitaji madereva, wapishi, walinzi, wapima ardhi, mafundi wa kuchomelea, wauguzi na vibarua wa kufyeka njia. Likishafukiwa, linahitaji watu wachache: wa chumba cha udhibiti, wa vituo vya pampu, mafundi wa umeme na vipimo, na wa kulizungukia.

Kwa hiyo kijana anayepata kibarua kambini asiambiwe kwamba amepata ajira ya maisha. Amepata mshahara wa miezi kadhaa na, akiwa makini, cheti na uzoefu vya kuhamia navyo kwingine. Mtendaji wa kijiji anayesaini barua za vijana wake awaeleze hivyo mapema. Tumeona vijiji ambako kambi ilipofungwa watu walidhani wamefukuzwa, kumbe kazi yenyewe ilikuwa imekwisha.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao ni wa waliosoma sana. Baada ya ugunduzi wa gesi ya kina kirefu baharini kuanzia mwaka 2010, vyuo vyetu, vikiwemo vya Dar es Salaam na Dodoma, vilifundisha wahandisi na wajiolojia wa petroli. Mradi mkubwa wa kusindika gesi Lindi, ambao ndio ungewachukua, haujaanza kujengwa. Hatuwezi kumwambia kijana kwamba shahada ya petroli peke yake ni tiketi. Anayesomea umeme, mitambo au vipimo vya viwandani anaweza kufanya kazi kwenye gesi leo na kwenye saruji kesho. Ushauri huu hauwafurahishi baadhi ya walimu, lakini hatuurudishi nyuma.

Fundi wa mageti na bomba la nyuzi 45

Swali linaloulizwa sana ni hili: mwanangu anachomelea mageti na madirisha miaka kumi, kwa nini alikataliwa kwenye bomba?

Alikataliwa kwenye jaribio ambalo mafundi huliita siksi ji. Vipande viwili vya bomba hufungwa kwenye stendi vikiwa vimeinama nyuzi 45, na hairuhusiwi kuvigeuza. Fundi ndiye anayevizunguka: anapiga goti achomelee upande wa chini kinyumenyume, anapanda ubavuni, anamalizia juu, huku pembe ya mkono wake ikibadilika kila sentimita chache. Mzunguko wa kwanza, ule wa ndani kabisa, ndio unaoangusha wengi. Ukiharakisha, chuma hakishiki upande wa ndani, ukichelewa, kinatoboka. Kisha kiungo hupigwa picha ya eksirei au kukatwa vipande na kukunjwa kwa mashine kuona kama kitapasuka. Geti likiwa na tundu dogo ndani ya kiungo, mwenye nyumba hatajua kamwe. Kwenye bomba la gesi yenye shinikizo kubwa, tundu lile ni ajali.

Mkono wa fundi huyu si mbaya. Anachokosa ni kusoma mchoro, kufuata waraka wa utaratibu wa kuchomelea, na karatasi inayothibitisha ujuzi alio nao. Hilo la karatasi lina njia: VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi hupimwa, huambiwa anachokijua na asichokijua, hufundishwa pale penye pengo, na hupewa cheti. Haanzi upya darasani na watoto. Mafundi wengi wa mitaani hawaijui njia hii, na kama kuna ukurasa mmoja wa kijitabu hiki wa kubandika gereji, ni huu.

Kuomba kazi ya shirika la umma

Nafasi za mashirika ya umma, TPDC na TANESCO zikiwemo, hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hutumwa kwenye mfumo wake wa Ajira Portal. Kuomba ni bure. Anayekuambia utume hela ya fomu, hela ya vipimo au "hela ya mzee wa kitengo" ni tapeli, hata kama ana barua yenye nembo.

Wengi huenguliwa kwa mambo madogo kabla hata sifa zao hazijasomwa. Barua ya maombi haikusainiwa. Kimeambatishwa cheti cha matokeo ya muda, ambacho hakikubaliwi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hamisi, cha kidato cha nne kinasema Khamis, na hakuna hati ya kiapo inayounganisha majina hayo mawili. Aliyesoma nje hakuhakiki cheti chake TCU, NECTA au NACTVET. Matangazo mengi huweka pia ukomo wa miaka 45. Mhandisi ahakikishe usajili wake kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi unakwenda sambamba na kazi anayoiomba.

Kazi za makampuni binafsi na wakandarasi hazipiti huko. Hutangazwa na kampuni zenyewe, na zile zisizohitaji ujuzi kwa kawaida hupitia serikali ya kijiji. Huduma ya ajira ya serikali nayo huunganisha wahitimu na waajiri kwa mafunzo ya utarajali. Sheria inampa kipaumbele raia wa Tanzania; haisemi mtu wa Mtwara Vijijini atangulie mtu wa Mbeya. Tunajua jambo hili linauma kusini, ambako mwaka 2012 na 2013 watu waliingia barabarani wakiuliza bomba linapoondoka wao wanabaki na nini. Kampuni inaweza kuahidi nafasi kwa wenyeji katika mpango wake, na ikishaahidi inapaswa kuulizwa. Ila ahadi hiyo ni ya mpango, na kijiji kinapaswa kuiomba kwa maandishi.

Mpango wa urithi: mahali pa kukazia macho

Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri anayemleta mtaalamu wa kigeni aonyeshe kwanza kwamba amemtafuta Mtanzania akamkosa, kisha aweke mpango wa urithi unaoeleza ujuzi wa mgeni yule utahamiaje kwa raia. Kibali cha kazi hutolewa kwa miezi 24, na kinaweza kuhuishwa hadi ukomo uliowekwa na sheria. Kanuni za Ushiriki wa Watanzania za mwaka 2017, zilizotungwa chini ya Sheria ya Petroli, zinataka pia kila nafasi inayoshikwa na mgeni iwe na mpango wa kumwandaa Mtanzania atakayeichukua. Mikataba ya utafutaji mafuta nayo ina kifungu cha mchango wa mafunzo kila mwaka.

Kwenye karatasi, basi, mambo yamekaa vizuri. Shida inaanza mpango unapoandikwa na mwanasheria na kufungiwa kabatini. Mpango wa kweli una jina la mgeni, jina la Mtanzania anayemfuata, orodha ya kazi atakazozifanya mwenyewe bila kushikwa mkono, na tarehe ya kukabidhiana. Ukiona umeandikwa "Watanzania watajengewa uwezo" bila jina hata moja, jua hakuna anayefundishwa.

Mtu akiwa mrithi wa jina tu, dalili hazijifichi. Anahudhuria vikao lakini nenosiri la mfumo analo mgeni. Anatumwa semina hotelini lakini mtambo unapozimwa kwa matengenezo, usiku ule ambao ndio shule yenyewe, yeye yuko likizo. Anaandika ripoti ya vipimo alivyochukua mwingine. Baada ya miaka miwili anaambiwa bado hajaiva, na kibali cha mgeni kinaombewa nyongeza.

Hapa tunasema na wewe uliyeteuliwa. Weka daftari la kazi. Kila ulichofanya kiandikwe: tarehe, mtambo, vali uliyofunga, kibali cha kuanza kazi kwenye mtambo ulichojaza, hitilafu uliyoitafuta na ulivyoipata, na sahihi ya aliyekusimamia. Omba zamu za usiku. Omba upewe usimamizi wa kazi ndogo nzima kuanzia kibali hadi kurudisha mtambo, hata ikiwa ni kubadilisha kichujio. Wakikuambia hujaiva, daftari litajibu, na Afisa Kazi atakapokuja kukagua atakuwa na kitu cha kusoma.

Na mgeni asichukuliwe kuwa adui. Wengi wao hufundisha kwa moyo wakipewa muda. Wanaobanwa ni wale ambao mwajiri amewapa malengo ya uzalishaji peke yake, bila lengo hata moja la kufundisha.

Majirani zetu wa Olkaria

Anayetaka kuona jambo hili likifika mwisho wake atazame Kenya. Mtambo wa kwanza wa jotoardhi wa Olkaria, megawati 15, uliwashwa mwaka 1981, wakati utaalamu mwingi ulikuwa wa kukodi. Wakenya wakaanza kupelekwa Reykjavik, Iceland, kwenye programu ya jotoardhi ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa iliyoanza mwaka 1979: miezi sita ya darasa na visima. Waliporudi waliwekwa kwenye mitambo yenyewe, ofisi zikasubiri. Kuanzia mwaka 2005 kozi fupi zikaanza kutolewa Kenya kwenyewe, na walioenda Iceland miaka ya nyuma wakawa miongoni mwa walimu. KenGen, kampuni ambayo serikali ya Kenya ina hisa nyingi zaidi, imefikia kupata kandarasi za kuchimba visima Ethiopia na Djibouti.

Ilichukua takriban miaka 40. Katika muda huo serikali zilibadilika, bei ya mafuta ilipanda na kushuka, na safari za kusoma hazikukatwa. Tanzania tumewahi kuanzisha programu nzuri za mafunzo, zikiwemo za VETA kusini zilizofadhiliwa na makampuni ya gesi, nyingine zikafifia mfadhili alipoondoka. Mafunzo yanayotegemea mfuko wa mgeni huondoka na mgeni.

Mambo yakienda kombo

Ukiona nafasi unayoiweza imepewa mgeni bila kutangazwa, au mpango wa urithi ni wa kabatini, peleka taarifa ofisi ya kazi ya mkoa, kwa Kamishna wa Kazi, au PURA ikiwa kampuni iko kwenye utafutaji na uzalishaji. Taja cheo, kampuni na tarehe. Malalamiko ya "wageni wamejaa" hayana pa kuanzia. Ukiwa kazini, angalia kama michango yako ya hifadhi ya jamii inapelekwa kila mwezi, hasa kwa wakandarasi wadogo, ambao wengine hukata kwenye mshahara na kuishia hapo.

Ukiachishwa kazi na unaona umeonewa, malalamiko huwasilishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Migogoro mingine ya kikazi ina siku 60. Siku hizo huhesabiwa hata kama mwajiri anakuambia usubiri kikao, na ukichelewa itabidi kwanza uiombe Tume ikuruhusu kufungua shauri nje ya muda, kwa sababu za maandishi.