SOMO LA VIKUNDI: Tukifunika Uwanja Wote, Maji Yaende Wapi?



Baada ya mvua ndefu, kikundi kimoja cha wafanyabiashara wa soko kilituita tukawasaidie kumaliza ubishi. Wameweka akiba miaka kadhaa, na sasa wanataka kuweka kabro uwanja mzima, kutoka barabarani mpaka ukuta wa nyuma, na kukata miti miwili iliyo katikati. Matope yamewachosha. Wengine katika kikundi wanakataa, hasa wenye mashamba upande wa chini. "Matope mnayaona ninyi, lakini maji tutayaona sisi," mama mmoja aliwaambia.

Tulikaa nao siku nzima. Somo hili limetoka huko, kwa sababu vituo vingi vya biashara viko njia hiyo hiyo.

Tuanze na mjini, maana huko ndiko mambo haya yamefika mbali. Ukiwa Nairobi, mvua inyeshe mchana halafu jua litoke, utaona mvuke ukipanda kutoka kwa lami kama moshi. Watu husema, "Ona vile lami inakausha maji!" Ni kweli, inakausha haraka. Lakini inakausha maji kidogo sana, na hapo ndipo wengi wanakosea. Lami na simiti hazinywi maji. Zinashika tu utando mwembamba wa juu, labda milimita moja au mbili. Huo ukishageuka mvuke, kazi imekwisha. Maji mengine yote yalishaingia kwenye mtaro zamani.

Udongo wenye nyasi na miti hauna haraka hiyo. Unakunywa maji na kuyaweka. Kesho na kesho kutwa na wiki ijayo mizizi inayavuta, na majani yanayatoa hewani kidogo kidogo kama mvuke tusiouona. Kwa hiyo shamba linarudisha maji mengi hewani kuliko lami, ingawa halionyeshi moshi wowote.

Tufanye hesabu ya ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo ni karibu mita za mraba 465. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ikinyesha milimita 30, mvua ya kawaida tu ya jioni moja ya Aprili, ploti hiyo imepokea karibu lita 14,000. Hizo ni jerikeni 700 za lita 20. Sasa funika ploti yote kwa simiti. Yatakayobaki juu na kukauka hayafiki jerikeni 50. Jerikeni 650 zinatoka mbio kwa wakati mmoja, na hazitoki bila kubeba kitu.

Lakini hasara haiishii kwa maji. Iko pia kwa joto, na hili vikundi vingi hawajalisikia. Maji hayageuki mvuke bure, lazima yale joto. Lita moja ikikauka inachukua joto ambalo lingetosha kuchemsha karibu lita saba za maji ya baridi. Ndiyo maana mtungi wa udongo unapoza maji: unatoa jasho, na jasho likikauka linaondoka na joto. Mti nao ni hivyo hivyo. Jua likipiga ardhi yenye unyevu, sehemu kubwa ya nguvu yake inatumika kukausha maji. Likipiga lami kavu, hakuna maji ya kula joto hilo, basi linaingia kwenye lami yenyewe na kwenye hewa. Mchana wa jua kali lami inaweza kupita nyuzi 50 za Selsiasi, na usiku inaendelea kutoa joto iliyoweka mchana. Wenye watoto wadogo katika nyumba za mabati mjini wanajua usiku huo.

Jina Nairobi lenyewe limetoka kwa lugha ya Wamaasai, na maana yake ni maji baridi. Reli ilipofika hapo mwaka 1899, mahali hapo palikuwa kinamasi. Leo ukitaka kuhisi ubaridi huo, ingia msitu wa Karura, zaidi ya hekta 1,000 ambazo Wangari Maathai na wenzake walizipigania mwaka 1999 zisigawanywe. Watu wengi walidhani wanapigania miti na wanyama tu. Kumbe walikuwa wanapigania pia mahali ambapo mvua inaweza kuingia ardhini na kurudi hewani bila fujo. Na mwaka 2024, mvua za Machi hadi Mei zilipoleta mafuriko Mathare na kwingineko, tuliona maji yaliyokosa pa kuingia. Hatusemi lami peke yake ilileta msiba ule. Mvua ilikuwa kubwa mno, na nyumba nyingi ziko ukingoni kabisa mwa mito. Lakini lami na mabati yaliongeza mbio za maji.

Turudi sokoni. Pale kikundi kilifanya jaribio ambalo ninyi pia mnaweza kufanya. Tulichukua karai mbili. Moja tukaijaza udongo wenye nyasi zake, na kwa nyingine tukaweka bamba la simiti limeinama kidogo, na sufuria chini yake. Saa nne asubuhi tukamwagia kila moja kikombe kimoja cha maji. Karibu maji yote ya simiti yalishuka kwenye sufuria. Saa nane mchana wazee waliweka mikono juu: simiti ilikuwa moto, nyasi zilikuwa baridi. Mmoja aliyekuwa mkali sana upande wa kabro alinyamaza kidogo.

Halafu mama mwingine akatushika. "Ninyi ndio mlitufundisha kutandaza majani shambani ili maji yasikauke. Leo mnasema kukauka ni kuzuri?" Swali zuri sana. Maji yanayokauka moja kwa moja kutoka udongo mtupu ni hasara kwa mkulima, kwa sababu mahindi hayakuyatumia. Yanayopita kwa mizizi na majani yamefanya kazi njiani. Na matandazo yanaruhusu mvua kuingia, wakati simiti inafunga mlango pande zote mbili.

Tena tulikubali jambo moja mbele yao: uwanja wa soko uliokanyagwa miaka mingi si bora sana kuliko simiti. Umeshindiliwa mpaka umekuwa kama tofali. Kuuacha tu vile ulivyo hakusaidii mtu, na matope ni shida ya kweli, viazi na mboga zinaharibika.

Maoni yetu yalikuwa haya. Wekeni kabro kwenye njia na chini ya vibanda, mahali watu wanasimama, lakini ilazwe juu ya changarawe na mchanga, na mianya ijazwe mchanga. Fundi akiziba mianya kwa simiti mmepata lami ya bei ghali. Miti miwili ibaki, na kila mmoja uachiwe duara pana la udongo uliolimwa. Upande wa chini uchimbwe mtaro unaopeleka maji kwenye shimo au kwenye mashamba yenye matuta. Ndugu zetu wa Machakos, Makueni na Kitui wamezoea kuingiza maji ya barabarani kwenye matuta ya fanya juu, wakapanda ndizi na mipapai pale ambapo zamani palikuwa na korongo.

Tulipoondoka walikuwa bado wanabishana kuhusu gharama ya changarawe. Wale wa upande wa chini walikuwa wamesema watachimba mtaro wenyewe, mradi miti isiguswe.

Kabla ya mkutano wenu ujao, pimeni uwanja wenu kwa hatua, mfanye hesabu ya jerikeni kwa mvua ya milimita 30, kisha mtembee pamoja mkifuata njia ya maji mpaka mwisho wake. Mtu wa shamba la mwisho awe pamoja nanyi.