Mchezo Usioandikwa: Jinsi ya Kujenga Hadithi na Watu Wake



Katika mitaa yetu mingi vikundi vya vijana na vya akina mama hutoa michezo ya kuigiza: siku ya mavuno, wakati wa Krismasi, au mwisho wa semina. Mara nyingi mchezo huo hauna maandishi. Wachezaji hukutana, hupatana habari watakayoonyesha, hugawana nafasi, kisha maneno huyatunga papo hapo mbele ya watu. Ndivyo vichekesho vyetu vilivyochezwa miaka mingi. Tusiudharau mchezo wa namna hii. Hauna gharama ya vitabu, na mtu asiyejua kusoma aweza kuwa mchezaji hodari kuliko wote.

Lakini twaona shida moja inayorudi rudi. Mlevi akitokea anapepesuka, watu hucheka. Shemeji mwenye tamaa akitokea amejitia mto tumboni, watu hucheka tena. Mwishoni mchungaji huingia, wabaya wote hutubu kwa dakika moja, na watu huenda zao. Naye mwenye kuwadhulumu yatima wa ndugu yake, aliyekaa benchi la tatu, amecheka kama wenzake, kwa kuwa hakuona jukwaani mtu anayefanana naye.

Basi katika somo hili tujifunze jinsi ya kujenga hadithi isiyoandikwa, na watu wa hadithi hiyo, hata mtazamaji amwone binadamu wala si kinyago. Kwa mfano tutachukua habari inayojulikana kila mahali: mume amefariki, na ndugu yake amekuja kulitwaa shamba la mjane.

KUTOANDIKA SI KUTOJIANDAA

Huko Italia, katika karne ya 16, palikuwa na makundi ya wachezaji waliotembea mji kwa mji. Mjini Padova, mwaka 1545, kundi moja liliandikiana mkataba wa kufanya kazi hiyo pamoja. Michezo yao haikuwa na maneno yaliyoandikwa, lakini ilikuwa na mpango. Mwaka 1611 Flaminio Scala, aliyekuwa mmoja wa wachezaji hao, alichapisha mipango 50 ya michezo ya namna hiyo. Ndani yake twaona nani anaingia, anatafuta nini, anakutana na nani. Maneno yenyewe yameachwa kwa mchezaji.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Tusiandike maneno, lakini tuujue mpango.

1. TUPATANE MAMBO MATATU

Mwalimu mmoja aliyesaidia sana kazi hii ni Bibi Viola Spolin (1906–1994) wa Chicago, Marekani. Alijifunza kwa Bibi Neva Boyd katika Hull House, nyumba iliyowahudumia wahamiaji na watu wa hali ya chini wa mji ule. Humo alijifunza jinsi michezo ya watoto inavyoweza kumfundisha mtu mambo makubwa. Baadaye aliifanya njia hiyo kuwa shule ya uigizaji, na mwaka 1963 alitoa kitabu chake. Mwanawe, Paul Sills, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa The Second City mwaka 1959, jumba la Chicago lililojulikana sana kwa michezo ya papo hapo.

Bibi Spolin alitaka wachezaji wapatane mambo matatu kabla ya kuanza: ni mahali gani, ni watu gani, na wanafanya shughuli gani. Katika mfano wetu mahali ni uani kwa mjane. Watu ni mjane, binti yake, na shemeji. Shughuli ni kupukuchua mahindi. Angalieni hili la shughuli. Wachezaji wetu hupenda kusimama mstari mmoja, mikono ikining'inia, wakihutubiana. Mpe mama ungo na mahindi, na mikono yake itasema mambo ambayo kinywa hakikuyapanga. Shemeji akitaja shamba, mikono ile itasimama. Watazamaji watajua moyo wake kabla hajajibu.

2. POKEA, KISHA ONGEZA

Mchezo usioandikwa hujengwa kama ukuta: mmoja aweka tofali, mwenzake aweka juu yake. Anayeling'oa tofali la mwenzake aubomoa ukuta.

Tuseme shemeji anaingia na kusema, "Shemeji, nimekuja na kamba ya kupimia." Mjane akijibu, "Kamba gani? Huyo ni nyoka!" watu watacheka mara moja, na hadithi imekufa. Hakuna tena kamba, wala kupima, wala shamba. Lakini akijibu, "Karibu, shemeji. Kamba hiyo naijua. Ndiyo aliyofungia ndama marehemu kaka yako," hapo amepokea, tena ameongeza. Sasa kamba ina historia. Ilikuwa mali ya marehemu, na shemeji amekwisha kuichukua bila kuomba. Hakuna aliyeandika hayo. Yametokea kwa sababu mmoja alimsikiliza mwenzake.

Kupokea si kukubali kila jambo. Mjane aweza kukataa kabisa shamba lisipimwe. Anachokipokea ni ukweli wa mchezo, kwamba kamba ipo na shemeji amekuja kupima.

3. KILA MTU APEWE HAJA YAKE

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kabla ya kuingia, kila mchezaji ajiulize, "Mtu wangu anataka nini leo? Kwa nini anakitaka leo na si jana? Ajiona ana haki gani?"

Shemeji aliyejazwa mto tumboni hana haja, ana tumbo tu. Tumpe haja. Kijana wake amechumbia, na mahari haijakamilika. Shamba lake mwenyewe aliliuza mwaka wa njaa. Mchana huu wakwe wametuma mjumbe. Tena aamini moyoni kwamba shamba ni la ukoo, na kwamba akimwachia mjane litakwenda kwa mume mwingine. Sasa anapozungumza hatapiga kelele wala kukunja uso. Atazungumza kwa upole, kama mtu anayetimiza wajibu.

Je, kwa kumpa haja tunautetea uovu wake? La. Tendo lake limebaki kuwa dhuluma, na watoto watalala njaa vile vile. Lakini yule wa benchi la tatu sasa ameacha kucheka, maana maneno anayoyasikia ni yale aliyojiambia mwenyewe.

Mjane naye asiwe wa kulia tu. Apewe haja: kuvuna kabla mvua hazijaharibu, kulipa ada ya binti, kutogombana na ukoo wa mumewe. Haja zikipingana ndani ya mtu mmoja, huyo ni mtu kweli.

4. ANGALIA HADHI

Keith Johnstone (1933–2023), Mwingereza aliyefanya kazi katika jumba la Royal Court mjini London, kisha akafundisha Calgary, Kanada, aliandika juu ya jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1979. Aliona kwamba watu wawili wakikutana, mmoja hujipandisha na mwingine hujishusha. Huonekana katika kukaa, kusimama, kutazama na kunyamaza, hata kabla ya maneno.

Sisi tunalijua hilo bila kitabu. Binti amwambia baba yake mdogo, "Shikamoo." Je, anaitikia upesi, au anaangalia shamba kwanza? Shemeji akikaa kwenye kiti cha marehemu kabla ya kukaribishwa, akina mama wote watavuta pumzi. Baadaye mjane, kwa sauti ya chini, asema, "Shemeji, naomba kiti hicho. Nataka kukiingiza ndani." Je, atainuka? Hadhi ikipanda na kushuka namna hiyo, hadithi inakwenda, hata kama ni watu watatu tu na kiti kimoja.

5. YARUDIE YALIYOWEKWA

Wachezaji wakikwama hukimbilia mambo mapya: polisi anaingia, radi inapiga, mjomba anatoka Dar es Salaam na gunia la fedha. Johnstone alifundisha kinyume. Mtunga hadithi afanane na mtu anayetembea kinyumenyume. Haoni aendako, lakini ayaona yote aliyoyapita, na akitaka kuimaliza hadithi ayachukue hayo ayarudishe.

Katika mfano wetu tumepita nini? Kamba, ndama, mahindi, kiti. Tukikwama, binti na aichukue ile kamba, aikunje taratibu, aseme, "Baba mdogo, mwisho wa kamba hii una fundo alilolifunga baba kuweka alama ya mpaka. Alinionyesha." Hakuingia mtu mpya, wala hakuna muujiza. Kamba iliyoletwa kumnyang'anya mjane ndiyo inayomshuhudia.

6. MWISHO TUWAACHIE NA WATAZAMAJI

Toba ya dakika moja haifundishi, kwa sababu mjane aliyekaa kati ya watazamaji ajua kwamba kesho shemeji yake hatatubu hivyo. Afadhali kuusimamisha mchezo shida ikiwa bado mbichi, na kuwauliza watu, "Huyu mama afanye nini?"

Augusto Boal (1931–2009) wa Brazili, akiwa uhamishoni, alifanya kazi katika mpango wa kisomo nchini Peru mwaka 1973. Watazamaji walitoa mashauri, na wachezaji wakayaigiza. Siku moja mwanamke mmoja aliona kwamba wachezaji hawaonyeshi sawasawa shauri lake, hata Boal akamwambia apande jukwaani alionyeshe mwenyewe. Kutoka hapo ikakua njia ambayo mtazamaji huingia mahali pa mchezaji na kujaribu njia yake. Hapa kwetu Tanzania, mwaka 1982 na 1983, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Muhando Mlama, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoa wa Mwanza. Wanakijiji walizitafuta shida zao, wakazitungia michezo, kisha wakazijadili pamoja.

Kwa mazungumzo ya namna hii kiongozi lazima awe na habari za kweli. Kwa mfano wetu, ajue kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, yabatilisha uamuzi wa kimila unaomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi kihalali. Mjane mmoja akitoka mkutanoni na neno hilo, mchezo umefanya kazi.

TAHADHARI

Tusichukue kesi ya jirani tunayemjua tukaicheza mbele yake. Badilisheni kazi, idadi ya watoto, na mahali. Wala asilazimishwe mtu kuigiza jambo lililompata mwenyewe. Jukwaa lisiwe mahali pa kumfedhehesha mtu.

ZOEZI LA KIKUNDI

Wachezaji wawili wapatane mahali, watu na shughuli. Wacheze kwa dakika tano. Kila mmoja aanze jibu lake kwa kulitaja jambo ambalo mwenzake amelisema. Wengine wahesabu ni mara ngapi tofali limeng'olewa. Kisha warudie, safari hii kila mmoja akiwa na haja aliyonong'onezwa na kiongozi, ambayo mwenzake haijui.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mchezo wetu wa mwisho, ni mtu gani aliyekuwa kinyago? Alikosa haja gani?

2. Ni kitu gani kilichowekwa mwanzoni ambacho tungeweza kukirudisha mwishoni?

3. Ni shida gani hapa mtaani ambayo tumekuwa tukiichezea kichekesho, na ambayo sasa yafaa tuicheze kweli?