Wizi Usioandikwa Daftarini

Muhula uliopita niliibiwa sweta bwenini. Sikupiga ripoti kwa kiranja wala kwa mwalimu wa zamu. Ningesema nini, na sweta zetu zote ni za rangi moja? Basi kwenye daftari la makosa, wizi huo haukutokea. Hapo ndipo nilipotaka kujua wenzetu wa nchi nyingine huhesabuje uhalifu.

Polisi huhesabu yale yaliyowafikia tu. Waingereza waliliona pengo hilo, na mwaka wa 1982 wakaanza uchunguzi wa nyumba kwa nyumba. Nyumba zilichaguliwa kwa bahati nasibu, na katika kila moja akaulizwa mtu mmoja: Je, mwaka jana uliibiwa? Ulipigwa? Uliwaambia polisi? Ikaonekana makosa yaliyotendwa ni mengi mno kuliko yaliyo katika vitabu vya polisi.

Waliuliza pia habari za hofu, kama mtu hujiona salama akitembea mtaani kwake usiku. Kina mama wazee ndio walioogopa zaidi, lakini walioshambuliwa zaidi ni vijana wa kiume!

Hata hivyo, hesabu hii nayo ina matundu. Aliyeuawa hawezi kuhojiwa. Watoto wa miaka 10 hadi 15 hawakuwa wakiulizwa kila mwaka mpaka mwaka wa 2009. Na kuna hili lililoniudhi sana: mtu akitendewa kosa lile lile na mtu yule yule tena na tena, yalihesabiwa matano tu. Mke anayepigwa kila Jumamosi aliandikiwa mara tano kwa mwaka. Zile 47 zilizobaki zilienda wapi? Wenye hesabu walijitetea kwamba watu wachache wenye visa vingi wangefanya jumla ipande na kushuka ovyo kila mwaka. Sylvia Walby na wataalamu wenzake walipinga, na mwaka wa 2019 kikomo hicho kikabadilishwa, kikawekwa cha juu zaidi.

Tena mume akiwa amekaa hapo hapo sebuleni, mke atajibu nini? Ndiyo sababu mwaka wa 1996, kwa maswali ya ukatili wa nyumbani, mhojiwa alipewa kompyuta ajibu mwenyewe, kimya kimya.

Mimi nilijaribu bwenini kwetu kwa karatasi zisizo na majina. Wengi walijibu. Mwenzangu mmoja alikataa katakata, akaninong'oneza kwamba aliyemwibia ndiye niliyemtuma kukusanya karatasi.