MLINZI ATAPITA WAPI LEO?

Mwaka huu nimepewa nafasi ya kuandika somo, nami nimechagua jambo la kompyuta. Msifunue ukurasa mwingine kwanza! Jambo lenyewe linaanzia hapa hapa Likoni, kwenye njia mbili tunazopita jioni tukitoka masomo ya ziada.

Wanaokaa upande wa kwetu wanazijua. Moja yapita makaburini, nyingine yapita miembeni. Mwaka jana mwenzetu mmoja alinyang'anywa mkoba na simu pale makaburini, na baada ya siku hiyo wasichana wawili wa darasa letu wakaacha kubaki jioni. Wazazi wao walisema afadhali wakose hesabu kuliko warudi na jeraha. Wazee wa mtaa wakaweka mlinzi mmoja, maana pesa za kulipa wawili hazikuwepo. Mlinzi huyo alikuwa mtu wa nidhamu: leo makaburini, kesho miembeni, kesho kutwa makaburini tena. Hata watoto wa chekechea walijua yuko wapi. Na wezi nao wana macho, bwana.

Hapo ndipo inapoingia elimu iitwayo mifumo ya mawakala wengi. Wakala hapa si yule wa M-Pesa. Ni yeyote au chochote kinachoweza kuona, kuamua na kutenda chenyewe: mtu, roboti au programu ya kompyuta. Wakiwa wengi mahali pamoja, uamuzi wa mmoja hutegemea anavyodhani wengine watafanya. Tazama tu watu wakishuka kwenye feri asubuhi. Hakuna anayekupangia pa kupita, lakini ukienda kulia ni kwa kuwa umeona kushoto kumejaa. Mwizi na mlinzi wako vivyo hivyo, ila wao wanawindana.

Mmoja wa waliolishughulikia sana jambo hili ni Milind Tambe, mtaalamu mzaliwa wa India anayefundisha Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 2007 yeye na wanafunzi wake walitoa programu iitwayo ARMOR, ikaanza kutumiwa na polisi wa uwanja wa ndege wa Los Angeles kuamua wasimamishe magari barabara gani na saa ngapi. Baadaye wakatengeneza nyingine ya kupanga boti za walinzi wa pwani zinazosindikiza feri za Staten Island kule New York. Sisi watu wa feri twaelewa ugumu wake: kinacholindwa chenyewe kinatembea!

Lakini iliyonivutia zaidi ni ya jirani zetu Uganda. Mbuga ya Queen Elizabeth ina karibu kilomita 2,000 za mraba, na majangili hutega tanzi za waya ambazo huwezi kuziona mpaka uzikanyage. Askari wa wanyamapori hawawezi kufika kila mahali. Programu ya PAWS, iliyojaribiwa huko mara ya kwanza mwaka 2014, husoma kumbukumbu za miaka mingi za mahali tanzi zilipookotwa, hukisia majangili watatega wapi, kisha hupanga doria bila mtindo unaoweza kukaririwa. Haikufaulu yote mara moja. Majaribio ya awali, Uganda na kisha Malaysia, yalionyesha kuwa lazima kompyuta ifahamishwe habari za vilima na mabonde, maanake njia iliyonyooka kwenye ramani yaweza kuwa jabali kwa mwenye miguu.

Sasa tufanye hesabu ya kwetu. Nilisimama jioni tatu nikahesabu wanafunzi. Makaburini hupita kama 30, miembeni kama 10. Kwa hiyo kwa mwizi makaburini pana thamani ya 3, miembeni 1. Tuseme akimkuta mlinzi hapati kitu. Mlinzi akikaa makaburini kila siku, mwizi huenda miembeni na kupata 1. Akipokezana siku kwa siku kama zamani, mwizi hupata 1 leo na 3 kesho, yaani wastani wa 2. Kumbe ile nidhamu yote ilikuwa mbaya kuliko kukaa mahali pamoja!

Je, akirusha shilingi? Mwizi ataenda makaburini tu, na nusu ya siku atapata 3, wastani wa 1.5. Lakini tukiandika vikaratasi vinne, vitatu "makaburini" na kimoja "miembeni", tukachota kimoja kila jioni na kukirudisha, mwizi akienda makaburini atapata 3 kwa robo ya siku, yaani 0.75. Akienda miembeni atapata 1 kwa robo tatu ya siku, ni 0.75 vile vile. Kote ni sawa, na hata akijua idadi ya vikaratasi haimsaidii.

Nilipeleka hesabu hii kwa mzee mmoja wa mtaa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sasa wataka ulinzi uwe bahati nasibu?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza maswali mawili. La kwanza, mwizi akimwona mlinzi huku, si atakimbilia kule? Nikamjibu kuwa njia zenyewe zimeachana mbali, akifika sisi tushapita. La pili lilinishinda: "Na huyo mchotaji akiwa na mdomo?" Kwenye vitabu vya kompyuta sikuona swali hilo. Babu mwenyewe akalitatua. Vikaratasi vinakaa kwa bibi, anachota baada ya Maghrib, na mlinzi huambiwa akiwa tayari ameshika rungu lake.

Tumefika wiki ya sita. Hakuna aliyeporwa, lakini wiki sita ni chache, siwezi kuapa kuwa ni vikaratasi. Mmoja wa wale wasichana amerudi kwenye masomo ya jioni. Wa pili mamake anasema ataangalia kwanza mpaka muhula uishe.