Kungoja Mtoto Aliye Mbali

Somo: Mwanzo 12:1-4, 21:1-5

Ibrahimu aliitwa akiwa na miaka 75. Isaka alizaliwa baba yake akiwa na miaka 100. Hesabu yake ni rahisi: alingoja miaka 25.

Tuwafikirie na wazazi wa Marekani waliokwisha kukubaliwa kulea watoto wa China. Mwaka 2020 safari zilisimama kwa ajili ya ugonjwa wa Korona. Walingoja, wengine wakiwa na picha ya mtoto tayari. Septemba 2024 China ilitangaza kwamba haitatoa tena watoto kulelewa ng'ambo, isipokuwa kwa jamaa zao. Mlango ukafungwa.

Je, walimwamini Mungu bure? Sivyo. Ibrahimu aliahidiwa mwana. Sisi tumeahidiwa kwamba Mungu hatatuacha. Tusichanganye matakwa yetu na ahadi yake. Tena mtoto yule naye anangoja. Yumo mikononi mwa Mungu, hata asipofika mikononi mwetu. Basi tusiache kumwombea.

Maswali ya nyumbani: Tunangoja nini leo? Tukikikosa, je, tutazidi kumtumaini Mungu?